Tiara Mbili za Nyuzi Nne

Tiara nyekundu ilisimama angani, ikatetemeka, kisha ikaanguka kwenye nyasi kwa mara ya tatu.

“Inakataa kurudi nyuma,” mjane alisema, kama mtu anayesoma bei ya sabuni. Mwenyekiti wa klabu akaandika.

Klabu ilitaka muundo mmoja wa kushonea timu nzima. Nyekundu aliibuni marehemu mume wa mjane zamani, kabla hajavunjika kiwiko cha kushoto: mabawa mapana, wavu mkubwa wa kupitisha upepo. Mkono ule haukunyooka tena. Alirusha tiara akiwa ameubana ubavuni, na mkewe alimtania kila siku kwamba ameficha kuku. Baadaye akawa anachora tu, hashoni.

Buluu ilikuwa ya shemeji, mdogo wa marehemu: kiuno chembamba, wavu kiduchu. Ikishinda hii, nyekundu haitashonwa tena, na mumewe hatakuwa na kitu angani. Shemeji mwenyewe ndiye aliyempendekeza mjane awe mwamuzi, watu wasije wakasema kuna upendeleo.

Mjane alijua inapaswa kumuuma. Haikumuuma. Tangu mazishi, miezi mitatu sasa, hata chumvi alitia kwa mazoea tu.

Alishika vishikio vya buluu, nyuzi mbili kila mkono, akainyoosha mikono mbele. Tiara ikapaa kama iliyoitwa. Ikarudi nyuma bila ubishi, ikageuka palepale. Kasoro ilikuwa moja: kila alipoisimamisha, ilipinda kulia.

“Nyuzi ulizipima, shemeji?”

“Kipimo kwa kipimo, kama nilivyochora.” Shemeji alicheka. “Ina wazimu wake kidogo. Utaizoea.”

Mjane aliijaribu tena. Ikapinda kulia. Hata hivyo, nyekundu haikuifikia hata robo, na yeye hakuwa mtu wa kudanganya kazini.

“Basi tumalize,” mwenyekiti alisema, kalamu mkononi. “Mshindi niandike jina la nani?”

Mjane alifungua mdomo kumtaja shemeji yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umechoka. Akaukunja, akaubana ubavuni.

Tiara ya buluu ikanyooka, ikatulia tuli.

Aliunyoosha mkono, ikapinda kulia; akaubana tena, ikatulia. Nyuma yake kicheko cha shemeji kilikuwa kimekatika.

“Buluu. Andika la mume wangu,” alisema, kisha akaanza kulia.