Mashine Aliyoichagua Eun-sook

Midomo ya mgonjwa ilikuwa ya buluu, lakini mashine mpya ya kupima hewa kwenye damu ilionyesha kwamba oksijeni yake inatosha.

"Umeichagua mwenyewe, mkuu," daktari wa zamu akamtania Eun-sook, msimamizi wa maabara. "Ukiikana wewe, sisi tumwamini nani?"

"Mtazame midomo, daktari! Ongeza oksijeni!"

Eun-sook akajidunga sindano mkononi. Damu yake ikapanda kwenye bomba, nzito, bado ina joto vidoleni. Akaitia kwenye mashine ile ile.

Ikanguruma, ikatoa majibu yale yale ya mgonjwa, bila kupishana hata nukta.

Daktari akaacha kucheka.

Eun-sook akapiga simu chumba cha upasuaji, ambako mashine ya aina hiyo ilitumika tangu asubuhi. Simu ikaita, ikaita.