Barua Yenye Matundu

Jamani, hii hamtaiamini, lakini ilitokea mchana kweupe mbele ya mtaa mzima.

Mzee Kasu alileta barua ya miaka tisini sebuleni kwa Bi Rukaiya, yule msuka mikeka, watu wamejaa hadi mlangoni. Eti inasema nyumba hiyo ni mali ya ukoo wa Kasu. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa kale, na mtaani anayeuweza ni mmoja tu: Mwanasiti, mpwa wake Kasu.

"Soma, mwanangu, tumalize. Bi Rukaiya akaanze kukunja mikeka yake."

"Nimezaliwa humo, Kasu! Hiyo barua ilikuwa wapi siku zote?"

Mwanasiti hakuanza kusoma. Aliiinua barua dirishani, mwanga ukapenya kwenye matundu ya wadudu. Karatasi kuukuu kweli. Sasa mbona hakuna hata herufi moja iliyoliwa? Kila mstari ukikaribia tundu unalikwepa, halafu unaendelea upande wa pili. Aliyeandika aliyakuta matundu yapo tayari!

"Mbona kimya?" mjomba akamnong'oneza. "Kuna chumba chako humo, usisahau."

Mwanasiti, ambaye anapanga chumba na watoto wake watatu, akamtazama Bi Rukaiya. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Barua bado iko juu, na vitone vya mwanga vimetua usoni kwa Bi Rukaiya.

Haya, ungekuwa wewe, ungesoma nini?