Alama za Mjukuu

Tangu sheria itake kila kitu cha nyumbani kipewe alama juu ya kumi, Bi Mwatime alimdharau mwanawe Shabiri waziwazi. Mtu mzima na ndevu zake anavaa glavu kushika vitabu vya katuni vya zamani, kisha anavifungia kwenye plastiki bila kusoma hata ukurasa mmoja!

"Mama, kikisomwa kinashuka alama."

"Basi si ungekusanya matofali!" alimjibu, akasonya.

Leo mkaguzi wa alama alivipa vitabu hivyo alama tisa na nusu, Shabiri akachekelea kama bwana harusi. Kisha mkaguzi akainamia kitanda cha mjukuu, akalichunguza shavu lake kwa lenzi.

"Huyu amebusiwa sana," alisema. "Nampa sita."

Shabiri alimtazama mama yake, akasonya, akaenda kuleta plastiki.