Kichupa Kando ya Keki

Ukumbi ulilipuka kwa makofi Profesa Mkondya alipotangazwa kuwa mtafiti aliyenukuliwa kuliko wote chuoni. Dakta Zuhura hakupiga. Seli zilizompa profesa jina duniani alizikuza Zuhura maabarani, miaka nenda rudi. Kwenye makala akatupwa mwishoni, kwenye shukrani, kati ya fundi umeme na mfagiaji.

"Zuhura, mwanangu, njoo utukatie keki!" profesa aliita.

Zuhura alitoka kwenda maabara, akarudi na kichupa kilichoganda cha zile seli, akakiweka kando ya keki, palipopiga jua.

"Zikiyeyuka hapo zitakufa!" profesa alinong'ona. "Zimebaki nyingine?"

"Si wewe uliyezikuza, profesa? Wewe ndiye wa kujua."

Akashika kisu, akakata keki taratibu. Kichupa kilishaanza kutoka jasho.