Mchunguzi wa Chumba cha Shuka

Mnyapara aliusukuma mlango wa ofisi kwa kisigino, akahakikisha umefungika, kisha akatelezesha karatasi juu ya meza.

"Profesa, hebu soma hapo juu."

Walimwita Profesa kwa sababu katika chumba kizima cha kufulia cha hoteli ile, ni yeye peke yake aliyekuwa akisoma Kiingereza katika masomo ya jioni. Alisoma herufi kwa herufi: *Surveillance.* Hakulijua.

"Kuna mtu anaficha mtoto mchanga humu kazini," Mnyapara alisema. "Wageni wamesikia kilio. Meneja anataka jina Ijumaa, na huyo mtu ndiyo basi tena, kazi hana. Kila baada ya saa moja utaacha mashine, uzunguke vyumba vyote. Ukijifungia ndani, hakuna wa kukugongea."

"Kwa nini mimi, mama?"

Mnyapara aliitazama aproni ya Profesa, iliyolowa kifuani.

"Maji ya mashine," Profesa alisema upesi.

"Sijauliza. Nenda."

Jioni ile darasani alimwuliza mwalimu maana ya lile neno, huku mguu wake ukikisukumasukuma kikapu chini ya dawati, kama mtu mwenye mawazo.

"Ni kumtazama mtu bila yeye kujua," mwalimu alijibu. "Polisi hulitumia kwa wahalifu, madaktari kwa magonjwa. Ila asili yake ni kukesha, kumkeshea mtu."

"Aa, kukesha sihitaji kamusi."

Darasa likacheka. Yeye alikuwa amechoka mno hata kucheka.

Kesho yake akaanza. Shuka mia tatu kwa siku, mvuke usoni, mgongo unauma kama si wake. Kila saa ilipotimia alifuta mikono akazunguka: chumba cha pasi, stoo ya sabuni, na mwisho chumba cha shuka safi, ambako alikawia. Akirudi aliandika. Hakuwa mtu wa kuandika uongo, kwa hiyo kila mstari ulikuwa wa kweli: *Chumba cha shuka. Sikumkuta mfanyakazi yeyote.*

Wenzake walishanusa. Mpiga pasi, mama mtu mzima waliyemwita Shangazi, hakuwa na breki mdomoni.

"Profesa siku hizi anahoji hata foronya! Zimekwambiaje?"

"Zimelala, Shangazi."

"Basi zisiamshwe," Shangazi alisema, akaanza kuimba kwa sauti ya kupasua bati. Aliimba hivyo kila mara sauti nyembamba ilipolia nyuma ya ukuta, na siku zile ililia sana.

Alhamisi meneja alipita, akasimama, akasikiliza.

"Yule bibi ana mjukuu mdogo, sivyo?" alimwuliza Mnyapara mbele ya wote. "Anayepiga kelele ndiye mwenye cha kuficha. Nisipopata jina jingine kesho, nitaandika lake."

Shangazi hakuinua macho. Pasi yake iliendelea kwenda na kurudi. Miaka kumi na tisa aliisukuma pasi ile.

Ijumaa asubuhi Profesa aliingia ofisini macho mekundu, akaweka karatasi mezani. Jina lilikuwa moja tu, kwa mwandiko mzuri wa darasani.

Mnyapara alisoma. Akasoma tena.

"Umeandika jina lako."

"Ndilo, mama. Shangazi hana kosa. Yaya alinikimbia, na nyumbani sina wa kumwachia."

Upande wa pili mashine zilikoroma. Mnyapara aliichana karatasi vipande vinne, akavitia mfukoni.

"Meneja nimeshamwambia ni paka, amezaa juu ya dari. Na Shangazi anaimba kwa sababu hajui kuimba. Meneja amekubali, ila anataka uchunguzi uendelee." Alivuta fomu mpya, akapitisha kalamu mpaka penye muda wa uchunguzi. "Mtoto ana umri gani?"

"Miezi mitatu."

"Hata jino bado," Mnyapara alinong'ona, akaandika: *miezi sita, kila baada ya saa moja.* Kisha, bila kuinua kichwa, "Haya, kimbia. Yale maji ya mashine yameanza kumwagika tena."