Hakuuliza Mgongo

Barua pepe ilisema Saada, muuza vitambaa wa mji wa pili, amebadilisha akaunti. Kombo, mshona nguo, akanyanyua kidole alipe.

"Ngoja, baba Mize!" mkewe Bi Tatu akamshika mkono, roho ikimchoma. "Huyu si Saada wako. Yule haandiki bila kukuuliza mgongo wako unaendeleaje."

"Kumbe unazisoma barua zake?"

"Zote, ukienda kuoga. Mpigie umuulize."

"Namba yake siikumbuki."

Bi Tatu akatoa simu yake, akaibonyeza namba nzima bila kuitafuta popote. Kombo akamkodolea macho.

Sauti tamu ya Saada ikapokea; Bi Tatu alipouliza, ikaapa akaunti ni ileile ya zamani. Kisha ikauliza, "Na mgongo wa kaka Kombo?"

Kombo akanyoosha mkono. Bi Tatu akaigandamiza simu sikioni.