Dozi ya Siku Saba

Vilibaki vidonge vinane. Fundi saa alivimwaga juu ya shuka, akavihesabu kwa ncha ya kibano chake cha kazi, kisha akavirudisha kimoja kimoja kwenye bahasha ya karatasi. Juu ya bahasha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: moja asubuhi, moja jioni, siku saba. Basi sita vilikwisha kumezwa. Aliikuta ndani ya kopo la vifungo la mke wake, chini kabisa, mahali ambapo hakuna mume anayetia mkono.

Hakuhitaji kumuuliza mtu. Jicho la fundi saa halisahau kitu kidogo, na vidonge vile vya kijani na njano alijua ni vya nini. Klamidia. Ugonjwa wa kitandani. Damu ikamchemka.

Sasa mambo yakaanza kujipanga kichwani. Tangu Jumapili mke wake alikuwa akilala chumba cha cherehani, eti mgongo unamsumbua. Alikuwa mshona mapazia, na kazi yake ilimpeleka majumbani mwa watu, utepe wa kupimia shingoni, na daftari la kuandikia kila dirisha na upana wake. Fundi saa akalifungua daftari. Mwezi ule mke wake alikuwa amekwenda mara nne kwa mwenye duka la rangi, kapera mmoja anayejipulizia manukato tangu asubuhi. Nyumba ya bwana yule ilikuwa na madirisha matatu. Madirisha matatu, safari nne. Akarudia hesabu kwa vidole, na jibu likawa lile lile.

Mchana alikwenda dukani kwake, akanunua kopo la rangi nyeupe asilokuwa na pa kulipaka, ili tu amtazame mbaya wake usoni. Yule bwana akamhudumia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akampunguzia na bei. Ukarimu ule ndio uliomtia hasira zaidi. Nani humpunguzia mtu bei kama hajamkosea?

Jioni aliacha chakula nusu. Mke wake akamuuliza kama kuna tatizo, akajibu kwamba kazi ni nyingi.

Tusimwonee, alimpenda. Walikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto, na mama yake mzazi alikwisha kumshauri kwa mafumbo, mara tatu, aoe mwingine. Mara zote tatu alikataa, ya mwisho wakanuniana mwezi mzima. Alichokiogopa sasa ni kimoja: kwamba mwanamke aliyemtetea namna ile alikwisha kuwa wa mtu mwingine. Hofu hiyo ilimuuma kuliko hasira yenyewe.

Alhamisi mke wake akavaa, akasema anakwenda kupima dirisha kwa mwenye duka la rangi. Fundi saa akakifunga kibanda chake, saa tano za wateja zikiwa wazi mezani, akamfuata kwa mbali. Njiani alipanga maneno ya kusema, akayapangua, akayapanga tena.

Kwenye kona ya duka la rangi mke wake hakukata. Akanyoosha moja kwa moja mpaka zahanati, akaketi kwenye benchi. Fundi saa akaingia, akaketi ubavuni pake.

Mkoba ukamponyoka mwanamke. Kabla hajafumbua kinywa, nesi akachungulia mlangoni, akauliza huyu ni nani wake.

"Mume wake," fundi saa akajibu kwa ukali.

Nesi, badala ya kutishika, akafurahi. Alisema wiki nzima amekuwa akimsihi dada huyu amlete mwenzake.

Akawaingiza chumbani, akafunga mlango, akaeleza taratibu. Dada alikuja mwenyewe mwezi uliopita kutaka kujua kwa nini hashiki mimba. Ndipo kipimo kikaonyesha klamidia. Hakuwa na maumivu wala homa, na wanawake wengi huwa hivyo. Inaweza kukaa mwilini kimyakimya hata zaidi ya mwaka, huku ikipanda kwenye mirija ya uzazi na kuiharibu. Dawa huua vijidudu, lakini kovu hailiondoi. Mirija ingechunguzwa wiki ijayo, ndipo wangejua kama bado kuna njia ya kupata mtoto. Kwa sasa, wote wawili watibiwe kwa pamoja na wasikutane mpaka wamalize dozi, la sivyo wataambukizana upya.

Mke wake alikuwa akilia bila sauti, macho sakafuni.

"Sijatembea na mtu yeyote," alisema. "Nilificha kwa sababu nilijua utaniwazia hivi hivi. Tangu tuoane, mwanamume ninayemjua ni wewe tu."

Nesi akasema hawapo pale kutafuta mkosaji, wapo kutafuta afya, na kama Mungu akipenda, mtoto. Akamsogezea fundi saa kikopo cha kuwekea mkojo.

"Na wewe tukupime, kaka. Choo kiko mkono wa kulia."

Fundi saa akakirudisha kikopo katikati ya meza. Akasimama. Siku mbili nzima alikuwa amemeza uchungu wake, na sasa aliona haki iko upande wake.

"Mimi hunipimi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi, akimnyooshea mke wake kidole. "Yeye ndiye aeleze kautoa wapi. Mimi wangu niliutibu mwaka jana, nikameza vidonge vyote kumi na vinne, nikapona kabisa."